Gari Refu la Bi Mkunga

Kila mtu huzaliwa na nyota yake. Ya huyu humpeleka kwenye biashara, ya yule humkalisha ofisini, na ya mwingine humtoa jasho mchana kutwa lakini humlaza usingizi mnono. Wazee wetu walipotuonya kuhusu nyota ya mwenzetu, hawakuwa na maana kwamba nyota hiyo ni mbaya. La hasha! Huenda inang'aa kuliko yetu. Walichotaka tujue ni kwamba njia inayoimulika ni ya mwenyewe, na anayefunga safari kwa kuitazama hiyo hufika alikokuwa akienda mwenzake, kisha akabaki kushangaa mbona huko hakuna anayemjua.

Jambo hili lilimdhihirikia mshona mapazia mmoja siku alipokwenda kununua gari.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mchapakazi, mwenye jicho la kupima dirisha kabla hajalifikia. Mtaa mzima ulimwita Mama Mapazia ingawa hakujaaliwa mtoto wala hakuwahi kuolewa, na hakuna aliyewahi kumsikia akililia lolote kati ya hayo mawili. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yaliyosimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Chumba cha pili, chenye dirisha linalotazama barabara, kilikuwa cha mama yake.

Mama yake huyo alijulikana kwa jina la Bi Mkunga. Kabla ya kustaafu alikuwa amepokea watoto wengi kiasi kwamba kutembea naye hadi sokoni ilikuwa safari ya nusu siku. Kila hatua alisimama kusalimiwa. Aliweza kumkamata mwanamume mzima mwenye ndevu na mkoba wa kazini, akamkumbusha mbele ya watu kwamba alikuja duniani akitanguliza makalio, na yule bwana akacheka huku akitafuta pa kuuficha uso. Alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na hata uzee ulipomjia ulimjia kwa adabu.

Hadi siku alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Madaktari walifanya kazi yao, mfupa ukaunga, lakini mguu haukurudi kuwa ule wa zamani. Alitembea kwa fremu ya chuma, taratibu, na mguu wa kulia haukukubali kuinuka zaidi ya kimo cha kizingiti. Mwanawe wa kiume, kaka mkubwa wa Mama Mapazia, alikuwa mkandarasi wa ujenzi na alimpenda mama yake kama mboni ya jicho. Siku ya kliniki alimfuata kwa gari lake jipya, lile la mtindo wa kisasa lililoinuka kwenda juu, tairi nene, vioo vyeusi. Kumpandisha nyumbani kulikuwa kwa taabu, lakini kulikuwa ndani ya ua. Wakati wa kurudi, Mkandarasi aliona arahisishe mambo. Akawaita walinzi wawili wa getini. Mmoja akamshika Bi Mkunga makwapani, mwingine miguuni, wakamwinua. Kiatu kikamtoka. Gauni likapanda magotini. Kwenye mabenchi ya kliniki walikuwako akina mama aliowazalisha, na wengine aliowapokea wao wenyewe walipozaliwa, na wote kwa heshima waligeuza nyuso. Kule kugeuza nyuso ndiko kulikomuuma zaidi.

Walipofika nyumbani, Bi Mkunga aliketi kitandani pake akamwambia binti yake:

"Mimi nimeinua watu maisha yangu yote, mwanangu. Sitainuliwa tena kama gunia. Nitatoka humu ndani siku nitakayokuwa sijui kama nimeinuliwa."

Na Bi Mkunga akitia neno lake ardhini halikung'oleka. Tangu siku hiyo daktari ndiye aliyemfuata nyumbani. Yeye alikaa dirishani, akatazama barabara, akarudisha salamu za wapita njia kwa kuinua mkono. Furaha yake kubwa ilikuwa simu. Alikuwa na mwandani wake, muuguzi aliyefanya naye kazi wodi moja tangu wote wawili wakiwa wasichana, ambaye sasa aliishi mji mwingine, mwendo wa asubuhi nzima kwa gari. Wastaafu hao walibishana kwa simu karibu kila siku, hasa kuhusu nani kati yao alikuwa akisinzia zamuni, na ubishi huo haukuwa na dalili ya kupata mshindi.

Siku moja simu ilikuwa fupi. Mama Mapazia, akiwa kwenye cherehani, alimsikia mama yake akicheka kicheko kisichofika mbali. Alipokwenda kumtazama alimkuta ameishika simu mapajani kama mtu aliyeshikishwa kitu cha watu. Macho ya mwandani yalikuwa yakienda. Madaktari walikwisha kunawa mikono. Alikuwa amemwambia: njoo nikuone, taa hazijazimwa bado.

"Umemjibu nini, Mama?" binti aliuliza.

"Nimemwambia aache deko," alisema Bi Mkunga, akageukia dirisha.

Siku hiyohiyo Mama Mapazia aliamua kununua gari. Akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kupanua karakana ingesubiri. Kuta hazina macho ya kupofuka. Alipomweleza kaka yake, Mkandarasi alifurahi kupita kiasi na kuibeba kazi yote mabegani. Alijua yadi ya kuuzia magari, alimjua mwenye yadi, na gari la kununua alikwisha kulijua pia. Lilikuwa ndugu wa lile lake. Pale mtaani aina hiyo ilikuwa imegeuka kama sare ya shule: mwenye duka la dawa alikuwa nalo, wakili alikuwa nalo, na mwenye nyumba za kupangisha alikuwa nayo mawili. Mkandarasi alimwambia dada yake kwamba mfanyabiashara asiye na gari la namna hiyo siku hizi hata bei yake haisikilizwi.

Walikwenda yadi asubuhi. Gari lenyewe lilisimama mbele, jeupe pee, limesuguliwa hata jua likalionea haya. Mama Mapazia alipanda akashika usukani, na ukweli ni kwamba moyo wake ulichanua. Aliona vichwa vya watu kwa juu. Alijiona kwenye kioo, akajipenda. Aliwaza wateja wake wa mahotelini wakimwona anateremka kutoka mle, na neno la kukubali likamfika ncha ya ulimi.

Kisha akateremka. Alipoigusa ardhi, goti lake zima, lisilo na kasoro, lilishtuka kwa urefu wa mteremko. Akasimama kidogo. Akafungua mlango wa nyuma, akaivua futi yake ya kushonea iliyokuwa imemning'inia shingoni kama kawaida yake, akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti. Kimo cha kitanda cha mama yake alikijua kwa moyo, kwani yeye ndiye aliyemsimamia seremala akimpunguzisha miguu ya kitanda mpaka Bi Mkunga alipoweza kuketi na kuinuka bila mkono wa mtu. Kiti hiki kilikuwa juu ya kile kitanda kama dari ilivyo juu ya meza.

Kaka yake aliona anachokifanya akacheka kwa upole. Kigoda cha kukanyagia kingetosha, alisema. Na hata kisipotosha, pasi na shaka watu wa kumwinua hawakosekani popote. Ukitoa chochote kitu, walinzi husaidia.

Neno hilo, walinzi, lilimrudisha Mama Mapazia nyuma hatua nzima. Alimtazama kaka yake usoni akaona hana ubaya hata chembe. Hakuwa ameelewa, basi. Akaifunga futi, akamshukuru mwenye yadi, akaanza kutembea peke yake katikati ya magari.

Mwisho kabisa wa yadi, chini ya banda la mabati, lilikuwako gari moja refu la chini, la milango minne, pana kama kitanda cha watu wawili na lenye buti ambamo mtu angeweza kulala. Lilikuwa na rangi ya chai iliyozidiwa maziwa. Vumbi lilikuwa limelifunika vizuri hata likaonekana limeikubali hali yake.

Mwenye yadi alimfuata akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyefumwa na nguo chafu uani. Alieleza kwamba lilikuwa la daktari wa meno aliyestaafu na kuhamia kwa watoto wake, kwamba lilitunzwa kama yai, na kwamba halikuwa na tatizo lolote isipokuwa kwamba halikuwa na mtu. Vijana walisema ni refu, halipati maegesho. Wakubwa walisema limepitwa na wakati. Alilipunguza bei mpaka akachoka kulipunguza.

"Hili hata silitangazi, mama," alikiri. "Mtu akilinunua hanisifu kwa wenzake."

Mama Mapazia alifungua mlango wa nyuma. Ulifunguka kwa upana, bila kulia. Akapima kutoka ardhini hadi kwenye kiti, akapima tena, maana hakuyaamini macho yake. Kilikuwa sawa na kitanda, pungufu ya unene wa kidole. Aligeuka akaketi kinyumenyume. Kiti kilimpokea polepole. Akaunyoosha mguu wake wa kulia wote mbele yake, na mguu haukugusa kitu.

Mkandarasi alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwombea mwenzake rehema.

"Mdogo wangu, hili ni gari la watu walioacha kwenda mahali."

"Basi ndilo lenyewe," alijibu. "Namnunulia mtu aliyeacha kwenda mahali."

Hata hivyo hakuwa mwanamke wa kununua mbuzi kwenye gunia. Alimleta fundi wa magari aliyesifika kwa kutosifu. Fundi alikaa na gari lile asubuhi nzima. Aliingia uvunguni, alifungua boneti, alilipandisha mlima akalishusha, akazima na kuwasha mara kadhaa akiwa ameinamisha sikio kama anayesikiliza umbeya. Mwisho alijifuta mikono akasema mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu mwenye subira. Pedi za breki zibadilishwe, na matairi mawili. Mengine yote ni mazima. "Utalichoka wewe," alisema, "kabla lenyewe halijakuchoka."

Likanunuliwa.

Mapokezi ya mtaani yalikuwa ya kicheko. Kwanza, gari lilipoingia uani mkia ulibaki barabarani, ikabidi mitungi ya maua ihamishwe na kamba ya kuanikia nguo ifungwe upya. Kabla jua halijatua lilikwisha kupewa jina: Kabati. Mwenye duka la dawa, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliuliza kwa sauti kama limeuzwa pamoja na nguo zake. Mkandarasi alipokuja kumjulia hali mama yake alisimamisha la kwake mbali kidogo, kama mtu asiyetaka ndugu wawili waonekane pamoja.

Hayo yote Mama Mapazia aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa jingine. Alikuwa amejiandalia furaha ya mama yake, akaificha siri ile siku zote za kutafuta ili amshangaze. Bi Mkunga alilitazama gari kupitia dirishani kwa muda mrefu, kutoka pua hadi mkia. Akasema ni zuri. Akasema limetulia. Kisha akasema, bila ukali, kwamba neno lake kuhusu magari alikwisha kulisema.

Mama Mapazia alirudi kwenye cherehani akashona mshono uliopinda. Alikuwa hajapinda mshono tangu uanafunzi wake. Aliufumua, akaushona, ukapinda tena. Akajiuliza kama watu wote wale mtaani wangeweza kukosea na yeye peke yake akawa sahihi. Pengine alikuwa ameitupa akiba ya miaka kwa ajili ya kitu kitakachomzibia ua.

Lakini hakumbembeleza mama yake, kwa kuwa alimjua. Akaliingiza gari kazini. Aligundua kwamba kiti cha nyuma kina kilango katikati kinachofunguka hadi kwenye buti, na fimbo zake za pazia, ambazo zamani zilipanda mabegani mwa vibarua na kufika zimepinda, sasa zilipita humo zikalala kimya hadi mwisho wa safari. Mapazia ya hoteli yalifika bila kunyanzi. Kila asubuhi aligeuza ufunguo mara moja tu, na injini ikaitika kwa sauti nzito ya chini, ya mtu aliyeamka zamani. Siku ya mvua hivyohivyo. Siku ya baridi hivyohivyo. Alilipiga maji na kulikausha kwa mabaki ya vitambaa vyake bora, na siku moja alijikuta amesimama kando yake mikono kifuani, akiutazama ubavu wake mrefu uking'aa, na hakuona tena sababu ya kuwasikiliza wanaocheka. Nyuma ya dirisha, mama yake alikuwa akitazama na kusikiliza yote hayo.

Ikaja asubuhi ambayo Bi Mkunga alizungumza na mwandani wake kwa simu, kisha akaomba kiti chake kitolewe uani. Mwandani alikuwa amemwambia kwamba sasa nyuso za watu zinamjia kama zimefunikwa shashi. Mchana wenye jua kali ndipo huzipata. Bi Mkunga alitoka na fremu yake, akaketi mbele ya gari, akalikazia macho kama alivyokuwa akiwakazia waume wenye maneno mengi mlangoni pa wodi. Mama Mapazia aliendelea kukata kitambaa. Hakukata vizuri.

"Fungua mlango," mama yake alisema.

Aliufungua, akanyoosha mkono kumsaidia. Bi Mkunga aliutazama mkono ule mpaka ukateremka wenyewe. Kisha akausogelea mlango, akageuka, akakipa kiti mgongo kama alivyofundishwa kukifanyia kitanda chake, akajishusha. Gari lilimpokea. Akauingiza mguu mzima. Akaushika ule mwingine kwa mikono yake miwili, akauvuta ndani, ukapita, ukanyooka. Akaliweka gauni lake sawa juu ya magoti. Hakuna aliyemgusa. Ng'ambo ya barabara, mwenye duka la dawa alikuwa ametoka mlangoni pake, na wala hakuwa akicheka.

"Funga mlango, mwanangu," alisema Bi Mkunga. "Upepo unaingia."

Mama Mapazia aliufunga, akazunguka nyuma ya gari ili mama yake asiyaone machozi yake.

Safari ilipangwa upesi. Mkandarasi aliposikia alikuja alfajiri na dumu la maji na kamba ya kuvutia, akatangaza kwamba atawafuata nyuma, kwa kuwa gari la umri ule haliaminiki njia ndefu. Waliongozana. Barabara ilikuwa nzuri mpaka nusu, na baada ya hapo mvua zilikuwa zimeila. Lakini gari refu liliyapita mashimo kama mwanamke aliyezoea kubeba maji kichwani, likajipinda hapa na kujinyoosha pale, na aliye ndani hakumwagika. Bi Mkunga alikuwa ameketi nyuma amenyooka, amevaa saa yake ya kazini. Alisimulia habari za wodi ambazo binti yake hakuwahi kuzisikia. Walipotia mafuta alishusha kioo akamuuliza mhudumu ni mtoto wa nani. Injini haikukohoa hata mara moja.

Walifika jua likiwa utosini. Mwandani alikuwa ameketi barazani, amepelekewa habari. Mlango wa nyuma ulifunguka. Bi Mkunga alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashika fremu yake, akasimama kwa miguu yake mwenyewe, mrefu kama alivyokuwa. Akatembea hadi barazani bila haraka.

"Urefu huo naujua," alisema mwandani. "Sogea. Uso wako uko mbali."

Bi Mkunga alisogea, akainama mpaka pua zao zikakaribia kugusana. Mwandani alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza kidogo upande wa jua, akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kipande kwa kipande, kama anayesoma.

"Umezeeka," alisema hatimaye.

"Na wewe ulikuwa ukisinzia zamuni," alijibu Bi Mkunga, na wote wawili wakaangua kicheko kilichokuwa na machozi ndani yake.

Mkandarasi alikuwa amesimama getini. Hakuna aliyemlaumu, lakini mtu mwenye akili hujihukumu mwenyewe. Alikuwa amemwona mama yake akiteremka. Baadaye, wakiwa wamekunywa chai, alianza kuomba radhi kwa habari ya walinzi. Mama yake alimpunguzia mzigo.

"Gari lako ni zuri, baba," alimwambia. "Unakwenda kwenye matope na mawe, unahitaji kukaa juu. Lakini hilo ni zuri kwako. Nyonga yangu mimi haiendi kwenye ujenzi."

Walipoaga, asubuhi ya kesho yake, Mkandarasi alimsogelea dada yake akamwomba jambo kwa sauti ya chini: alitaka kumrudisha mama yake nyumbani yeye, kwa lile gari refu. Mama Mapazia alimpa ufunguo, naye akapokea wa gari la juu. Hivyo wakarudi, kaka na mama wakitangulia, dada akifuata.

Lilikuwa gari zuri kweli lile la kaka yake. Kutoka juu aliiona barabara yote. Lakini macho yake hayakwenda barabarani sana. Yalikaa kwenye kioo cha nyuma cha gari la mbele, ambamo kichwa cha mama yake kilionekana kimenyooka katikati ya kiti kipana, kikigeuka huku na huku kutazama dunia. Walipoingia mtaani watu walikuwa nje. Kioo cha gari refu kikashuka, mkono wa Bi Mkunga ukatoka, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kuinuka: aliyekuwa ameketi kizingitini, aliyekuwa akifua, na mwenye duka la dawa mbele ya duka lake. Kicheko hakikusikika. Mama Mapazia, akiwa nyuma yao, alijihisi mrefu kuliko gari alilokuwa amelipanda.

Lau angelinunua lile jeupe la mbele ya yadi, angelipata sifa za mtaa mzima, na mama yake angelibaki dirishani. Ama kweli, usisafirie nyota ya mwenzio.